Historia ya Marehemu Libérate, Aliyeacha Matricule Akafuata Ndagala

Padri wetu, wakubwa wa kazi, ndugu, majirani, na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na sufuria, mimi ni Jean-Berchmans, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome maisha ya mdogo wangu Libérate, na nitayasoma yote, ingawa jana mkuu wangu wa ofisi ya elimu, yule pale kwenye kiti chenye mikono, alinishika bega akaniomba niruke mambo ya kazi, nisitaje kabisa kwamba marehemu aliwahi kuwa mwalimu, niseme tu alikuwa mama mcha Mungu aliyeuza samaki. Sababu yake mtaisikia nikifika hapo.

Libérate alizaliwa Sange, katika bonde la Ruzizi, tarehe 14 Mei 1974, mtoto wa tatu wa mzee Basile, mkulima wa mpunga, na mama Marie-Jeanne, ambao wote wametutangulia. Alipokuwa na miaka tisa baba alitugawia kila mtoto kuku mmoja, mimi nikamfunga wangu kamba mguuni asije akapotea, yeye akampeleka wake sokoni akambadilisha kwa mayai tisa ya bata, mayai ambayo hata muuzaji hakuapa kama yana uhai, akaomba kuku wa jirani ayalalie, wakatoka vifaranga wawili tu. Nilimcheka kwa juma zima, mpaka kuku wangu alipokufa kwa kideri, kamba ikiwa bado mguuni.

Alisoma shule ya msingi hapo Sange kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaja Uvira kwa sekondari, upande wa ualimu, akarudia mwaka wa tano, akapata diploma ya Serikali mwezi wa saba 1993 kwa asilimia hamsini na nne. Mimi nilipata sitini na moja, naitaja kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilimshinda kwa jambo lolote.

Nitangulize ndoa, kazi nitaifikia. Tarehe 19 Julai 1997, wakati watu wenye akili walikuwa wanangoja kwanza waone nchi itaelekea wapi, yeye alifunga ndoa hapa Uvira na Damien, fundi wa mota za mitumbwi kule Kalundu, kijana aliyeleta mahari ya mbuzi watatu na maneno mengi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Achille aliyezaliwa 1998, Noella 2001 na Olga 2005. Nilisema ndoa ile haitamaliza miaka miwili. Damien huyu hapa, ameketi chini kwenye mkeka tangu Ijumaa, na hajakubali kiti.

Sasa kazi. Alianza kufundisha mwezi wa tisa 1994 katika shule moja ya msingi ya mtaa wa Kimanga, bila matricule, na kwa wageni wasioelewa, matricule ni ile namba ya Serikali inayomfanya mwalimu ahesabike kuwa mtu, asiye nayo anaishi kwa huruma ya wazazi, na wapo wanaoingoja mpaka meno yanang'oka. Libérate aliingoja miaka kumi na minane na nusu. Ilifika tarehe 11 Machi 2013, tukachinja mbuzi, na Jumatatu tarehe 2 Septemba mwaka uleule, siku ya kwanza ya masomo, aliingia ofisini kwangu na barua ya kuacha kazi, akaiweka juu ya meza akaniita yaya, ndivyo kwetu anavyoitwa kaka mkubwa, akasema: "Yaya, weye unapenda matricule, basi bakia nayo, minye naenda ku ndagala." Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau mdogo wangu siku ile, na nilihakikisha anajua.

Akaanza kununua ndagala, ambazo wageni mnaziita dagaa, kwa wavuvi na kuzianika kwenye mchanga wa ufukweni. Mwezi wa kumi na moja 2014 mvua ilinyesha siku tatu, zikaoza zote, tukacheka. Mwaka 2016 alituma mzigo mzima Bukavu, barabara ikafungwa, ukarudi baada ya siku tisa ukiwa mbolea, tukacheka tena, na mimi nilikuwa mbele ya wachekaji. Tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipobeba nyumba yangu, huyo tuliyemcheka alinipokea kwake Rugenge pamoja na mke wangu na watoto saba, kwa miezi minane, nikala ndagala zake kila siku huku nikimweleza namna ya kuishi kwa uangalifu. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda likameza mchanga wote wa kuanikia, wenzake wakakunja mikono, yeye akauza kitanda chake cha arusi, akanunua waya wa wavu, akajenga vichanja nyuma ya nyumba, ndagala zikakauka hewani bila kugusa chini, na wanunuzi wa Bukavu wakaanza kuja wenyewe kutafuta ndagala zisizo na mchanga. Nilisema ndagala isiyo na mchanga haina ladha. Ndivyo nilivyo, ndugu zangu, na wengi wenu hapa mlikubaliana nami.

Nimefika sasa pale mkuu wangu asipopapenda. Ile barua ya mwaka 2013 sikuipeleka popote, niliifungia kwenye droo, nikijiambia kwamba kabla ya Noeli atarudi analia. Darasa halikuweza kukaa tupu, tukamtuma Eliane, binti mwenye diploma na asiye na matricule, na kwa kuwa orodha ya mishahara ilisema Libérate, Eliane aliitika Libérate, akasaini Libérate, watoto wanamwita mwalimu Libérate hata leo, sehemu ya mshahara ikamfikia yeye na sehemu nyingine ikajua njia ya ofisini kwetu, na mimi sikuwa nimekaa mbali na njia hiyo. Marehemu hakuambiwa kamwe. Yule niliyekuwa namwita mcheza kamari ndiye aliyekuwa ananilisha, kwa samaki na kwa jina. Ndiyo maana naombwa ninyamaze, kwa sababu mwalimu akizikwa waziwazi jina litafutwa kwenye orodha, lakini muuza samaki akizikwa, mwalimu anaweza kuendelea kufundisha miaka mingine kumi akiwa kaburini.

Kuhusu ugonjwa, ulianza mwezi wa pili mwaka huu wa 2024, tumboni, akatibiwa hapa Uvira kisha Bujumbura, ambako madaktari walimwambia wazi kwamba bila operesheni ana miezi michache, na kwa operesheni ni nusu kupona na nusu kufa. Mimi nilimshauri achukue ile miezi. Alinitazama akasema: "Nusu iko mingi, yaya, minye nilianzaka na kidogo." Alipasuliwa tarehe 6 Agosti, akaaga dunia Ijumaa tarehe 9 saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Safari hii nusu ile nyingine ilimpata, na hakuna anayeruhusiwa kucheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa pande zote mbili za mpaka, ambao hawakumdanganya. Inawashukuru majirani wa Rugenge, waliolalamikia harufu miaka mitatu na leo wameleta viti na maji. Inawashukuru akina mama wa ndagala, ambao ndio wenzake wa kazi wa kweli, si sisi wa ofisi tuliokuja na shada la maua ambalo hatukuthubutu kuandika juu yake mwalimu wala muuzaji.

Na namshukuru Eliane, ambaye niliogopa kwamba historia hii itamnyang'anya chaki, nikaenda juzi kumwonya, akanijibu: "Papa, nilichoka kuitika jina ya muntu mwingine, sasa niitike ya mufu? Kama ni kunifukuza, banifukuze na jina yangu." Ana mama mgonjwa na hana mume, anaweza kukosa vyote kesho, na alisema hivyo bila kusita, wakati mimi, mwenye miaka hamsini na minane, sijawahi kuruka hata mfereji ambao sikuupima kwanza. Kuwa mwangalifu si dhambi, lakini uangalifu wangu ulikuwa woga mtupu uliovaa tai. Basi barua ya tarehe 2 Septemba 2013 ninayo hapa mfukoni, kesho Jumanne saa mbili asubuhi nitaiweka mezani kwa mkuu wangu pamoja na hati ya kifo, nitaandika nani alifundisha na nani alikula, naye anaweza kuanza kutafuta kalamu yake ya kusaini sasa hivi.

Libérate, mdogo wangu, sikukuomba msamaha ulipokuwa unasikia, naomba leo mbele ya hawa. Miaka kumi na moja tumelifanyisha jina lako kazi uliyoiacha. Pumzika kwa amani, na jina lako nalo lipumzike.