Dhiraa Zake Mwenyewe

Hebu mpigeni picha akilini akiingia dukani asubuhi: mfupi, kifua mbele, mkasi shingoni, shati limekunjwa kupita kiwiko. Anaipita rula ya mita ukutani bila hata kuitupia jicho. Huyo ndiye kaka yetu mkubwa.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto sita. Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu alimuuliza urefu wa dawati, naye akajibu, "Dhiraa mbili."

"Dhiraa za nani?"

"Zangu."

Darasa likaangua kicheko. Akabeba daftari, akaenda zake, akisema hafundishwi na mtu anayehitaji kijiti ili ajue urefu.

Mwaka 1968 aliingia duka la vitambaa la mjomba, na hapo ndipo alipogundua kwamba dhiraa ni mbili. Dhiraa kamili huanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde huishia kwenye vifundo vya ngumi. Wateja aliwahubiria kwamba neno limetoka kwa Waarabu, kwao ni mkono wenyewe, na kwamba watu walijenga majumba mita haijazaliwa bado. Yote kweli. Kisha alikunja ngumi, akapima. Tusipake rangi: miaka hamsini na tatu aliuza konde kwa jina la kamili, na aliyelalamika aliitwa mshamba.

Alioa mwaka 1977. Walijaliwa binti mmoja ambaye, kwa bahati mbaya ya baba, alipewa mikono mirefu. Aliomba kusimama kaunta.

"Kunja ngumi kwanza."

"Sikunji, baba."

Basi akawekwa chumba cha nyuma kupinda mashuka, miaka kumi na tisa.

Kiharusi kilimpata marehemu Juni 2021, mkono wa kulia ukalala. Binti akatoka mbele, akapima kwa kidole kilichonyooka. Baba alikaa benchini, akiguna kila kipimo kama mtu anayeng'olewa jino. Mwishoni mwa Januari mteja wa zamani alimsogelea kutaka kitambaa. Baba akaelekeza kidevu kwa binti, akamwambia, "Nenda kwa yule. Yule anagawa." Hakuzungumza tena habari za duka. Alifariki tarehe 9 Februari 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti na sisi wadogo zake watano. Alale salama, bila mtu wa kubishana naye.

Jumatatu duka litafunguliwa. Binti anauliza kama atasimama mbele kwa ridhaa ya baba yake au kwa ukaidi wake mwenyewe. Ninyi mliomjua, mtuambie: maneno yale, "Yule anagawa," yalikuwa tusi, au yalikuwa wosia?