Ua Lililochorwa Bila Mahali

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mchoraji wa maua ya porini, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Ametutoka wiki hii, usingizini, kucha zake zikiwa bado na rangi ya kijani.

Mama Brashi hakuchuma ua hata siku moja. Alilifuata lilikoota. Alibeba kigoda na rangi zake, akaketi mbele ya ua mpaka miguu ikafa ganzi. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kumtania kwamba ameolewa na magugu, yeye pale nyumbani ni mpangaji tu.

Picha iliyompa umaarufu ilikuwa ya ua dogo jeupe lenye madoa ya zambarau. Ua hilo humea kwenye miamba michache mno. Alilichora lilivyo. Akachora na mwamba wenye ufa, na kijito kinavyopinda chini yake. Picha ikapendwa, ikachapwa mpaka kwenye kalenda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wauza maua waliutambua ule mwamba. Waliutambua kwa picha yake, wasikilizaji. Aliporudi pale alikuta mashimo walikoyang'oa maua. Lilibaki shina moja, ndani kabisa ya ufa, mkono usikofika.

Dada yake anakumbuka alivyoingia jikoni na viatu vya tope, akaiacha chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Dada, mimi ndiye niliyewaonyesha njia."

Tangu hapo hakuchora mahali tena. Ua tu, na weupe wa karatasi. Wajuzi wa sanaa wakauita mtindo mpya, wakausifu weupe ule kwa maneno mazito. Mama Brashi alicheka mpaka akajifuta machozi. Na kila mvua zilipokwisha, alipanda kwenye ule mwamba na brashi aliyoifunga kwenye kijiti kirefu. Mkono haukufika, brashi ilifika. Alihamisha chavua, ule unga wa ua unaofanya mbegu, ua hadi ua, kwenye shina lile moja.

Juzi, baada ya mazishi, binti yake alipanda huko. Alituambia maua yametoka hata nje ya ufa, yameshuka karibu na maji.

Tukamuuliza ni wapi.

"Nyie watu wa redio," akasema, "mnataka mama afufuke anichape?"

Kwa mume, binti na dada, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, mkikutana na ua porini, litazameni mshibe, kisha mlipite. Na mkiulizwa mliliona wapi, fikirini kwanza.