Skrubu Ishirini na Tatu Mikononi mwa Watu Wazima

Asubuhi hiyo kila aliyekaa kwenye benchi la nje ya karakana alikuwa amefumba kiganja kama mtu aliyekamata panzi. Mbele yao Msasa, fundi seremala aliyejifunza kazi kwa kuvunja viti vyake mwenyewe, alikuwa amepiga magoti kando ya mashine ya gololi ya mama mkwe wake. Ilikuwa sanduku la mbao la miguu minne, lenye springi ya kurushia gololi, na ndani yake ubao uliochorwa nyota kwa mkono, umejaa vijisumari na vitundu vya pointi. Ilikuwa kongwe kuliko wote waliokuwepo. Mkewe aliileta jana na kusema, "Mama anaomba uishughulikie," na kabla hajamaliza, Msasa alikuwa ameshashika bisibisi. Mke alipoona hivyo akasema jambo moja tu: "Ikirudi na mkwaruzo, utamweleza mwenyewe." Mama mkwe angekuja kuichukua saa nne. Tayari ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu, na kilichobaki ndani kilikuwa ule ubao wa nyota, ambao ulikataa kutoka.

— Pua inaniwasha, akasema Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki.

— Vumilia, akasema Msasa bila kugeuka.

— Inawasha kwa ndani.

— Mkono wa kulia umeshika nini?

— Ubavu wa kulia. Skrubu sita.

— Na wa kushoto?

— Ubavu wa kushoto. Sita.

— Basi pua yako leo haina mkono.

Msasa hakuwa anatania. Skrubu za mashine ile zilikuwa ishirini na tatu, na za kila upande zilikuwa na urefu wake. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, ingetokeza juu na kubandua rangi ya nyota kama jino linalochomoza. Kwa hiyo kila mtu alipewa upande wake. Redio mbavu mbili. Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alishika tano za mbele. Nusu Mwalimu, aliyeacha chuo cha ualimu katikati, alishika sita za nyuma, tatu kila mkono.

— Mimi bado nauliza, akasema Nusu. Kwa nini tusingeandika namba kwenye karatasi?

— Karatasi inapeperuka. Mtu mzima hapeperuki.

— Na vikombe?

— Vikombe vina kahawa.

Hapo hakuna aliyebisha. Pindo, ambaye mkono mmoja ulikuwa huru, alimnywesha Redio funda moja, Nusu funda moja, kisha akajinywesha mwenyewe mafunda matatu.

— Unajipendelea, akasema Redio.

— Kazi ya kulisha watoto inachosha.

Msasa akaupapasa ubao tena. Haukutikisika. Alitamani kuingiza patasi pembeni na kuukwangua utoke, na mkono wake ukaanza kuifuata patasi.

— Weka chini hiyo! akasema Pindo. Utamwambia nini mama? Kwamba ilikubishia?

Msasa akaiweka, kwa kishindo.

— Ubao umevimba, akasema Nusu. Mbao ni kiumbe, inavuta unyevu. Tuianike juani wiki mbili.

— Mama anakuja saa nne.

— Basi tuipepee kwa nguvu.

— Si unyevu, akasema Redio. Hizi mashine zilitengenezwa na watu wabishi. Haifunguki mpaka mtu ashinde. Gololi ikiingia tundu la mia, ubao unajiachia wenyewe.

— Umesikia wapi?

— Kwa mtu.

— Mtu gani?

— Aliyeshinda.

— Nyinyi wote hamjui, akasema Pindo. Miaka yote imeguswa na mkono wa mama, taratibu. Leo imeangukia kwa mtu anayefoka. Msasa, iambie pole.

— Mimi? Niliambie sanduku pole?

— Ndiyo maana haitoki. Una kiburi.

Msasa akatazama barabarani, kushoto na kulia. Akainama.

— Pole, akanong'ona.

Ubao haukusogea.

— Umesema kama askari wa lango, akasema Pindo.

— Upande ndio tatizo, Nusu akarukia. Dunia inazunguka, sivyo? Mashine hii ilitengenezwa ikitazama kwingine, sasa kila mshipa wa mbao unavuta kurudi huko. Tuigeuze ielekee ilikozaliwa.

— Ilizaliwa wapi?

— Hiyo ilikuwa mada ya mwaka wa pili. Mimi niliondoka wa kwanza.

Redio akasogea mbele, akapunguza sauti.

— Jamani. Inatusikia.

— Nani?

— Mashine. Kila tukipanga kitu, inajikaza. Hatuna siri. Tunyamaze kabisa, imalize kutusikiliza, ilegee.

Ilikuwa nadharia mbovu kuliko zote, na ndiyo waliyoikubali. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari, pakawa kimya. Na katika ukimya huo Msasa, akigonga ukingo wa sanduku kwa kifundo cha kidole, akasikia kitu. Ko. Ko. Ko. Kisha sauti nyingine, nzito, kama mlango wenye mtu nyuma yake. Akasugua uchafu kwa kitambaa chenye maji kidogo. Chini yake palikuwa na duara dogo la mbao. Kigingi! Hapakuwa na skrubu wala gundi, ni kigingi tu, kimefichwa na vumbi la miaka. Akakisukuma kutokea chini kwa kijiti alichokizungushia kitambaa, na ubao wa nyota ukateleza mikononi mwake kama droo. Akauinua kwenye mwanga. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

— Mzima! akapiga kelele. Mzima kabisa! Msipige makofi!

Viganja vya Redio vilisimama kabla tu ya kukutana. Nusu akajikalia mikono. Pindo akapiga vigelegele kwa niaba ya wote.

Msasa alikuwa angali ameunyanyua ubao alipoona wenzake wamekodoa macho nyuma yake. Mama mkwe alikuwa amewahi, na mkoba wake kwapani.

Benchi zima likasimama.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu.

Akanyoosha mkono. Na mkono wa mama mkwe wa mtu hausalimiwi kwa ngumi. Pindo akaupokea kwa mikono miwili, wazi, kwa adabu. Msasa, mgongo ukiwa umegeuka, alisikia tano zikidondoka kwenye saruji. Nusu akaupokea. Sita. Redio, mwenye adabu kuliko wote, akaupokea huku ameinama, na zile kumi na mbili zikamwagika kwa pamoja, zikabingirika chini ya benchi, nyingine zikaelekea mfereji.

Hatimaye Redio akajikuna pua.

Mama hakutazama chini. Alikuwa anatazama sanduku tupu, springi juu ya gazeti, kioo chake kilichoegemezwa ukutani, ubao wa nyota mikononi mwa mkwe wake.

— Mkwe wangu, akauliza kwa upole, kwani ilikuwa na ubaya gani?

Msasa akamtazama Redio. Redio akamtazama Nusu. Nusu akainama kuokota skrubu.

— Maana jana asubuhi nimeicheza, akaendelea mama. Nikamfunga jirani mara tatu. Nilimtuma mwanangu akwambie kuna mguu mmoja unayumba.

Akagusa kona ya sanduku kwa kidole kimoja. Likayumba.

Msasa akauweka ubao chini taratibu. Maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mteja, na hakutaka kuanzia kwa mama mkwe.

— Mguu, mama, akasema, ndio kitu pekee ambacho hatujakigusa.