Mipira Thelathini

Sogeeni, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni kama askari wa zamu ingia ukae, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kupayuka. Binti yangu, niwekee mto mgongoni. Hapo. Basi, basi, usinikunje kama shati. Lifunge na hilo dirisha, vijana wanapasha misuli uwanjani, na kila nikisikia mpira unagonga glavu akili yangu inatoka humu inakwenda huko. Na acheni kulia, sijafa bado. Hayo machozi yawekeni akiba, ingawa nikimaliza kusema huenda mkaona hamna sababu ya kuyamwaga.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu watatu, sikusema wawili, nimesema watatu: wewe kifungua mimba wangu, wewe binti yangu, na wewe mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, uliyeingia humu ukiwa na miaka minne umevaa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto. Chumba cha mbele na cherehani ya ngozi ni vya binti, kwa sababu ndiye aliyekaa pale nami akishona glavu za wachezaji na viatu vya watoto wa shule wakati kaka zake wanacheza, na asije mtu akamwambia ngozi ni kazi ya wanaume, kwani mishono yangu ya miaka hii ya mwisho alikuwa akiifumua na kuishona upya nikienda kula, akidhani sioni. Nilikuwa naona, mama. Na yule jirani tuliyenuniana miaka tisa kwa sababu ya mpira uliotoboa tangi lake la maji, mpelekeeni salamu zangu mumwambie alikuwa na haki, mpira ulikuwa wetu na mimi ndiye niliyeuficha.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa, binti yangu, chukua kalamu uandike, tena uandike hata yale ambayo kila mtu humu anayajua, kwa sababu karatasi hiyo itasomwa Jumamosi mbele ya wazazi ambao wengine hawajui besi ni kitu gani.

Andika kwamba katika besiboli mpigaji hukimbilia vituo vinavyoitwa besi, na walinzi wa ndani ni wanne: wa besi ya kwanza, wa ya pili, wa ya tatu, na yule anayesimama kati ya ya pili na ya tatu, mahali ambapo sisi tumezoea kupaita Pengoni, kwa kuwa mipira mingi ya chini, ile inayobingirika ardhini, hupita hapo, na pasipozibwa timu nzima inavuja. Wachaguzi wa klabu kubwa wakija kutafuta vijana, macho yao huanzia Pengoni na mara nyingi huishia hapo hapo. Andika kwamba mimi ndiye niliyeanzisha utaratibu wa mipira thelathini: kila chipukizi anasimama Pengoni, mtu mmoja anampigia mipira thelathini ya chini kwa kigongo chembamba, mwingine anahesabu iliyomponyoka, na mwenye makosa machache ndiye mwenye nafasi, wengine wanagawana besi zilizobaki. Nilikuwa napenda kusema hesabu haina mjomba wala shangazi. Watu walinisifu kwa neno hilo, mkalipaka rangi ukutani kwenye stoo ya vifaa, na mimi nikawa naitwa mwalimu wa haki mpaka nikaitika.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani anayepiga. Niliyekuwa napiga ni mimi.

Na mwenye kigongo akiijua kazi yake, wanangu, anaweza kukuwekea mpira kwenye glavu taratibu kama anayekupa kikombe cha chai, na anaweza pia kuugonga kwa juu kidogo, ukaja unazunguka, ukafika pale nyasi zinapokutana na udongo, ukaruka usoni kwako. Aliye pembeni haoni tofauti yoyote, yeye anaona mipira ya chini tu, na anahesabu.

Miaka thelathini na moja iliyopita mlikuwa na miaka kumi na sita, nyinyi wawili, mwanangu na mpwa wangu, na wachaguzi walikuwa waje wiki ile. Mwanangu, usinielewe vibaya, ulikuwa mchezaji mzuri, lakini ulikuwa mzuri wa kufundishwa. Mwenzako mikono yake iliujua mpira kabla macho yake hayajauona. Kila mtu aliyekuwa na macho alijua nani wa Pengoni. Mimi nilijua kuliko wote. Asubuhi ile nikanywa chai yangu, nikajiambia damu nzito kuliko maji, kana kwamba damu ya mtoto wa dada yangu ilikuwa maji! Kana kwamba dada yangu hakunishika mkono siku zake za mwisho akaniambia, kaka, mwanangu asije akakaa kwako kama mgeni.

Wewe mwanangu nikakupigia mipira ya kikombe cha chai. Ilikuponyoka miwili. Wewe mpwa wangu... ngojeni. Nipeni maji.

Wewe mpwa wangu nikakupigia ile mingine. Si yote, maana mwizi naye ana akili zake. Nilichanganya mizuri na mibaya ili isijulikane. Kumi na moja ilikuponyoka, na ule wa thelathini ukakupasua mdomo ukang'oa jino, nikausikia mlio wake kutoka nilikosimama, na badala ya kutupa kigongo nikimbie, nikatangaza kwa sauti, kumi na moja, hesabu haina mjomba. Nikakupanga besi ya kwanza, ukapokee mipira anayorusha mwenzako. Wachaguzi wakaja, wakamchukua mwanangu, akacheza klabu kubwa miaka minane, akarudi na jina. Wewe ukabaki hapa, unakata nyasi, unasawazisha udongo, na mwaka huu mzima ni wewe unayenigeuza kitandani na kuniosha.

Lakini hilo silo linaloniaibisha kuliko yote. Binti, usiache kuandika. Futa macho uandike.

Siku ile ile, jua halijatua, alikuja chumba cha mbele, mdomo umevimba hivi, akasimama karibu na cherehani, akasema, "Mjomba, nisamehe, nimekuaibisha mbele ya watu." Na mimi nilikuwa na sindano mkononi, sikuinua hata kichwa, nikamwambia, "Nimekusamehe." Mnanisikia lakini? Nikamsamehe! Nilimpasua mdomo kwa makusudi, akaja kuniomba radhi, na mimi nikaipokea, nikaendelea kushona. Akanishukuru. Akaenda kuteka maji ya nyumba.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, maana kila mwaka nimemsikia akiwaambia chipukizi kwa moyo mweupe kabisa, jamani, kubalini hesabu, mimi mwenyewe nilipewa mipira thelathini nikaangusha kumi na moja, nikajua kipaji changu kimeishia hapo, sikumlaumu mtu. Na kila mwaka nimesimama pembeni nikitikisa kichwa kama mzee mwenye busara. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini wewe, mpwa wangu, mimi nilikufundisha hata kuamini kwamba kovu umejitia mwenyewe.

Mtaniuliza, mbona leo? Ningekuwa jasiri ningesema ni dhamiri. Uongo. Ningeweza kufa nalo, nilishapanga kufa nalo. Ni hilo dirisha. Juzi mlinigeuza niangalie nje nipate hewa, nikakuona wewe mwanangu na kigongo changu unawafanyisha vijana mazoezi ya mipira thelathini ya Jumamosi. Alisimama mjukuu wangu, mwanao, ukampigia. Akasimama binti wa mpwa wangu, huyu tunayemwita Kisigino kwa jinsi anavyogeuka, ukampigia na yeye. Mimi ni mgonjwa, si kipofu. Niliuona mkono wangu kwenye mkono wako. Mpira wa pili ulimrukia kidevuni, akajishika, na unajua alifanya nini mtoto yule? Hakukutazama wewe uliyepiga. Alitazama mikono yake mwenyewe. Na baba yake, mpwa wangu huyu, kule pembeni akampigia makofi mwanao.

Usinijibu! Kaa chini. Sikuulizi kama juzi ulikusudia, na sikuulizi kama siku ile, na miaka yako kumi na sita, ulishangaa mbona mipira inakuja kwa adabu hivyo. Kama ulijua ukanyamaza, mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mlezi ni mimi, kwa hiyo aibu hii naomba isikutenganishe na nduguyo, ianzie kwangu na ikiwezekana iishie kwangu.

Basi agizo langu ni hili. Jumamosi mzazi yeyote mwenye mtoto uwanjani asiguse kigongo, si wewe, wala mpwa wangu. Atapiga binti yangu. Usishtuke, mama, wewe ndiye uliyekuwa ukiwapigia hawa wakiwa wadogo, na mkono wako haujawahi kumpendelea mtu, hata mishono yangu mimi mwenyewe uliifumua. Atakayepata Pengoni apate kwa haki, akiwa mjukuu wangu sawa, akiwa Kisigino sawa. Na klabu, ufunguo wa stoo, uamuzi wa nani acheze wapi, vyote ni vya mpwa wangu kuanzia leo. Wewe mwanangu utamsaidia, na utamsikiliza. Maneno ya ukutani yapakwe chokaa.

Mpwa wangu, inua uso. Nakupa klabu na najua sijakupa kitu. Ulikuwa na kitu chako nikakipokonya, na hakuna ufunguo unaokirudisha. Ule msamaha niliokupa siku ile ulikuwa wa wizi. Nirudishie. Haukuwa wangu kuutoa. Wewe hukukosea, hukuwahi kunikosea hata siku moja, na mikono yako... mikono yako ndiyo ilikuwa mizuri kuliko yote niliyopata kuiona.

Nitukane, mwanangu, nimekupa ruhusa. Unasimama? Unakwenda wapi?

Mwacheni. Kaeni, msimfuate, nimesema kaeni. Mwacheni aende.

Mmesikia mlango? Hata leo hakuubamiza.

Lete maji. Kidogo tu, yanamwagika... Siwaoni vizuri, mko wawili au watatu? Wawili. Ndiyo. Sikilizeni upesi. Nikifa msinizike kwa sifa. Asisimame mtu kaburini akasema mwalimu wa haki. Akianza, mkatizeni, hata kama ni mtu mzima, mwambieni marehemu alikataza. Karatasi hiyo isomwe Jumamosi kabla ya mpira wa kwanza, na asome kifungua mimba, kwa sauti, asiruke mstari, hata ule wa kumi na moja. Kisigino awe mbele, asikie. Mjukuu wangu naye asikie, mumwambie babu hakumchukia, babu alimpenda baba yake vibaya.

Mungu awape macho ya kuona mapema, mimi yangu yalichelewa. Awape mikono myepesi... isiyobagua. Binti yangu, ubarikiwe wewe na uzao wako na kazi yako. Mwanangu, nawe ubarikiwe, njoo, weka kichwa hapa. Ubarikiwe. Usilie, una kazi.

Na baraka ya tatu ninayo, lakini mwenyewe katoka, na siwezi kuituma kwa mtu.

Nenda, mwanangu. Atakuwa hapo nje, hajaenda mbali, hajawahi kwenda mbali huyu. Usimwambie mjomba anakuita. Unanisikia? Usimwambie anakuita. Mwambie... mwambie mjomba anaomba. Na akikataa kuja, msimlaumu, hata nikiwa... msimlaumu. Kaa naye tu huko nje. Nenda, nami nitajitahidi... nitajitahidi kungoja.