Watu Saba Walisema Hawamjui Mume Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni, maana habari hii ni yangu lakini nanyi mmo ndani yake, na wengine mmo zaidi ya mnavyopenda.

Nimekuja na daftari. Mzee wa kanisa aliniambia nishuhudie kwa moyo, si kwa karatasi. Lakini mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia kama kuku, na elimu yangu ni ya darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza. Basi nasoma. Tena sitaki kumsingizia mtu. Kila mahali nilipomwandika mtu kwa ubaya nimepasoma mara mbili, na mara nyingi nimepafuta.

Mume wangu Stefano alikuja huku kwetu Tana kutoka bara, Mkikuyu, fundi wa mbao, kutengeneza vitanda vya hospitali ya Ngao. Vitanda vikaisha, fundi hakurudi kwao. Wengine mlisema nimemroga kwa wali. Tukafunga ndoa katika kanisa hili hili. Akajifunza Kipokomo, kile chake cha kuchekesha, akajifunza kupiga kasia, akatumbukia mtoni mara mbili mbele ya mama mkwe wake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Vita vilikuwa mbali, huko bara misituni, lakini amri ilifika hata huku: kila Mkikuyu arudi kwao, wala asitoke bila kibali. Stefano hakuwa na kosa, na askari waliomchukua hawakusema analo. Nisiwaonee: walimngoja amalize chai yake. Alikwenda na nguo zake na Biblia yake, sanduku la vyombo akaniachia. Akasema, "Damari, usisahau mafuta. Chuma kikiota kutu hakisikii tena." Neno la mapenzi hakusema zaidi ya hilo. Lakini mke wa fundi anajua kusikia.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Karani wa ofisi ya serikali pale Garsen ndiye aliyenionyesha njia. Alisema mke aweza kumwombea mumewe kibali cha kuja kukaa naye. Akaniandikia barua, nikatia sahihi yangu, si dole gumba, nikaona fahari. Akasema barua itapita kwa Bwana D.O., ofisa wa wilaya, itakwenda bara, itafika Nairobi kwa watu wa usalama, wamchunguze yeye, wanichunguze na mimi, ndipo jibu lirudi.

"Muda gani, Karani?"

"Subiri, bibi. Faili ina miguu yake."

Nikadhani miezi miwili. Ndugu zangu! Mtoto wetu Neema alizaliwa, akakaa, akatambaa, akatembea, akaanza kuniuliza maswali, na faili bado iko njiani.

Kila mwezi nilikwenda Garsen. Mto ukijaa nilikwenda kwa mtumbwi, mto ukipungua kwa miguu. Barua za ofisi nilizifunga ndani ya kanga nikazibeba kichwani, na wenzangu waliokuwa wakifua wakaniita, "Damari, usimloweshe mumeo!" Wakamwita mume wa karatasi. Upepo ukivuma, karatasi zikachakarika, waliulizana, "Leo amekohoa?" Aliyeanzisha jina hilo yupo hapa na ameniomba radhi. Nilimsamehe upesi kwa sababu jina lenyewe lilikuwa zuri, hata mimi nilicheka, ila nilichekea nyumbani.

Mtaniuliza nilivumilia vipi. Siwezi kusema nilivumilia kwa imani kubwa. Nilivumilia kwa mafuta ya simsim. Kila Jumamosi nilifungua sanduku, nikapaka randa, nikapaka patasi, nikapaka msumeno jino kwa jino, nikafunga. Siku nyingine niliomba huku napaka. Siku nyingine nilipaka tu.

Tena niliomba vibaya, na hili lazima niliseme. Nilikata shauri kwamba kuna adui aliyetusema vibaya kwa serikali. Nikamshuku Aba Guyo, mzee wa Kiorma anayenywesha ng'ombe wake pale chini ya mashamba yetu. Mwaka ule ng'ombe waliingia katika mpunga wangu, nikawapiga mawe, tukatukanana, yeye kwa Kiorma na mimi kwa Kipokomo, na kila mmoja akamwelewa mwenzake vizuri kabisa. Nikaandika jina lake katika daftari hili, na mbele yake nikaandika "adui". Ukurasa ninao. Nilimwomba Mungu akaushe maziwa yake. Namshukuru Mungu hakunisikiliza!

Barua za Stefano zilifika zimekwisha kufunguliwa, kwa hiyo aliandika machache. Ya mwisho, nilipokwisha kungoja mwaka wa tatu, ilikuwa na mistari minne: "Wameniita tena. Wameniuliza kama nina mke huko Tana, nikasema ninaye. Wakaniambia huko hakuna anayenijua. Damari, je, mmehama?"

Nilisoma mpaka herufi zikacheza. Mmehama! Alidhani mto umegeuza njia na kijiji kimevuka ng'ambo kama vijiji vyetu vinavyofanya. Alinitafutia udhuru, yule mtu.

Siku ya pili niko Garsen. Karani hakuwa na ruhusa ya kunisomea faili, na sitamtaja jina, maana ana watoto. Aliniangalia, akamwangalia Neema mgongoni, akafunga mlango. Akasoma polepole: watu saba wameulizwa kijijini na kandokando yake, na wote saba wamesema hawamjui fundi wa jina hilo. Mmoja wao ni mwanamke aliyekuwa akiwinga ndege katika mpunga.

Ndugu zangu, mwanamke yule ni mimi.

Nilimkumbuka mtu mwenyewe papo hapo. Koti la kaki, kofia nyeupe, baiskeli anaikokota mchangani. Nilikuwa juu ya dungu langu la kulindia mpunga, kombeo mkononi, ndege wameshuka kama wingu. Akauliza kwa adabu, "Mama, unamjua Mkikuyu mmoja, Stefano, fundi wa mbao?" Nikasema simjui. Tena nikaongeza ambalo hakuniuliza: huku hatuna Wakikuyu. Akasema ahsante, akaenda zake.

Niliogopa kwamba wamekuja kumtafuta wamfunge. Sikukumbuka kwamba wanaye tayari! Mtu aliyekwisha kuchukuliwa nilimficha asichukuliwe. Na usiku wa siku ile ya baiskeli nililijua kosa langu, msidhani sikulijua, ila nililifunika. Hapa katika daftari siku ile ina maneno matatu tu: "Leo ndege wengi." Jogoo hakuwika. Walilia ndege wa mpunga, nami nikawatupia mawe.

Sasa tazameni moyo wa mtu ulivyo. Mnadhani nilirudi nyumbani nikitubu? Nilirudi nimekasirika. Mimi ni mmoja tu, nikasema, nawataka wale sita. Jumatano nikaja kwenye maombi, nikasimama pale pale mama Yusufu alipoketi sasa, nikasema kwa sauti, "Humu ndani wamo watu waliomkana mume wangu!"

Mama yangu ndiye aliyejibu. Hata hakusimama. "Keti, mwanangu. Mimi nilisema simjui. Ulitaka niseme nini? Nimwambie mgeni wa baiskeli, karibu baba, mkwe wangu ndiye Mkikuyu, umekuja na pingu?"

Shangazi akasema, "Hata mimi." Dada wawili wa nyuma wakasema, "Hata sisi." Kisha mzee wa kanisa akakohoa, huyu huyu aliyekataa daftari langu, akasema, "Mimi niliulizwa fundi aliyetengeneza mimbari hii ni nani. Nikasema Mgiriama mmoja, amekufa."

"Umemuua mkwe wangu!" mama akasema, na kanisa zima likacheka, Mungu atusamehe.

Walikuwa watano. Mama akahesabu kwa vidole akauliza, "Na wengine wawili ni nani?"

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikasema, "Mmoja ni mimi, mama. Simjui, nilisema. Mume wangu mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka tena. Lakini hakuna aliyeninyooshea kidole pia. Shangazi alinishika kanga akanivuta nikae, na pale nilipokaa, ndugu zangu, mzigo wa miaka uliteremka. Nilikuwa nimemtafuta msaliti, sikumpata. Katika kijiji chote hakuna hata mtu mmoja aliyemsema Stefano vibaya. Mgeni, mtu wa bara, wakati ambao jina la kabila lake lilitosha kumfunga, na watu wangu wote walimficha! Walikosea, ndiyo, na mimi nilikosea kuwazidi. Lakini naona fahari, na kama fahari hii ni dhambi nitatubu Jumapili nyingine.

Wa saba, yule wa kandokando ya kijiji, angekuwa nani ila mwenye ng'ombe? Nilimfuata mwenyewe asubuhi, mtoni, mahali anaponyweshea. Nilikwenda na soni yangu. Aba Guyo alinisikiliza, ameegemea fimbo. Akasema, "Serikali ikiuliza mtu, mtu hayuko. Hiyo ndiyo sheria yangu. Bwana yako mtu mzuri. Wewe ndiyo mbaya, unapiga ng'ombe ya watu mawe."

Nikamwambia ni kweli. Akasema basi, yamekwisha, twende huko Garsen lini?

Tulikwenda saba, mitumbwi miwili, na Aba Guyo ambaye hapendi maji alishika ukingo kwa mikono yote miwili mpaka tulipofika. Bwana D.O. alikuwa kijana wa Kizungu, na mwanzo alikasirika sana. Alikuwa na haki. Watu saba wamesema uwongo kwa serikali, sasa wamekuja kusema kweli, ataamini lipi? Karani alitafsiri. Mama yangu akasema, "Mwulize Bwana, akiulizwa na mtu asiyemjua habari za mwanawe, yeye husema?" Bwana D.O. akatoa karatasi.

Tukasema mmoja mmoja, tukapiga dole gumba mmoja mmoja, mimi na mzee wa kanisa tukatia sahihi. Mzee alimfufua yule Mgiriama akamwondoa, akamrudishia Stefano mimbari yake. Zamu ya Aba Guyo ilipofika akaweka mezani kigoda cha miguu mitatu alichokuja nacho kwapani. Akasema, "Kiti hii yeye alitengeneza. Mimi nakalia kila siku. Makalio yangu inamjua huyu mtu. Mdomo tu ndiyo ilisema uwongo."

Karani alishindwa kutafsiri. Bwana D.O. akamlazimisha, akatafsiri, na nikaona kijana yule anaandika huku ameuma mdomo asicheke.

Akatuambia ukweli, nami namheshimu kwa hilo: hawezi kuahidi kitu, na uchunguzi lazima uanze upya tangu mwanzo. Ulichukua karibu mwaka mzima mwingine. Lakini mwaka huo haukuwa kama ile mingine. Kila mwezi mmoja wenu alikuja nami Garsen. Mto ulipofurika, mlimbeba Neema kwa zamu. Kwenye kufua hapakuwa tena na mume wa karatasi, waliuliza, "Stefano wetu amefika wapi?" Hilo neno "wetu" ndilo jibu la kwanza la maombi yangu, na lilikuja kabla ya kibali.

Kibali kilikuja. Nilingoja Garsen, kwenye pantoni, na randa yake mkononi, kwa sababu sikujua nichukue nini. Stefano akashuka, amekonda, kichwa kimeanza mvi. Askari wa kivuko alisoma karatasi yake mbele, akaisoma nyuma, akauliza kwa sauti, "Nani hapa anamjua mtu huyu?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu juu ya dungu, mbele ya ndege, siku nyingi. Nikasema, "Mimi namjua. Ni mume wangu."

Na Neema, kutoka nyuma ya kanga yangu, akasema kwa nguvu, "Mimi simjui!"

Kati yetu sote, ndiye peke yake aliyesema neno hilo na likawa kweli. Stefano alichuchumaa, akamtazama. "Utanijua," akamwambia. Kisha akachukua randa, akapitisha kidole kwenye makali yake.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya simsim."

"Yananuka," akasema, na hapo ndipo akalia.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, wala sitasema aliharakisha, maana hakuharakisha. Nawashukuru ninyi. Namshukuru karani aliyefunga mlango, na yule wa baiskeli ambaye alifanya kazi yake kwa adabu akaandika alichoambiwa. Katika ukurasa wa Aba Guyo nimefuta "adui". Nilitaka kuandika "rafiki", nikaogopa atasema bado sijalipa ng'ombe wake kwa yale mawe, basi nimeandika "jirani".

Na wewe unayengoja leo, unayengoja mtu, au jibu, au karatasi inayotembea kwa miguu yake, nakualika umtumaini Mungu huyu. Sijui atakuweka miaka mingapi. Paka mafuta vyombo vyako. Na ukitafuta aliyekukana, anza karibu, anza juu ya dungu lako mwenyewe. Huenda ukamaliza hapo hapo. Mungu hakunitupa nilipokana. Alinipa kuulizwa mara ya pili.

Stefano, simama. Simama, baba Neema, usione haya, wakuone wote hata wa mlangoni.

Ndugu zangu, mnamjua mtu huyu?