Mama Mawe na Wajumbe Waliojitambulisha Kila Kikao

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto, uje ukae. Kama uko njiani, punguza mwendo. Leo sina haraka hata kidogo, na fundi mitambo wangu nimeshamwambia asinionyeshe saa. Leo tunamkumbuka Mama Mawe.

Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Mama Mawe, mhadhiri wa elimu ya miamba chuo kikuu, na baada ya kustaafu, mwenyekiti wa bodi ya wastaafu wa chuo hicho hicho. Ametutoka juma lililopita, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa umeshikwa na kifungua mimba wake. Aliugua miaka kadhaa. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau.

Najua mtaniuliza, bodi ya wastaafu ndiyo nini? Ni wazee waliomaliza kazi chuoni, wakachaguliwa na wenzao wafuatilie mambo yao. Nani anaumwa. Nani kafiwa. Nani haonekani siku hizi. Wana chumba kimoja nyuma ya maktaba. Humo mna meza ndefu, birika la umeme, na feni inayozunguka ikijisikia. Ukipita dirishani unaona vichwa vya mvi tu, unasema hao wazee wanapiga soga. Sawa, soga wanapiga, sikatai. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na chuo kile kimeundwa na vichwa vile.

Tuanze alikotoka. Baba yake alikuwa mponda kokoto. Asubuhi mpaka jioni, nyundo na jiwe. Mtoto alikulia pale machimboni, juu ya lundo. Mdogo wake wa kiume, ambaye sasa naye ni babu wa watu, aliniambia hivi: "Dada alikuwa anapewa kazi ya kutenganisha kokoto kubwa na ndogo. Yeye anatenganisha kwa rangi! Baba anamuuliza, we mtoto, mteja ananunua rangi? Dada anamjibu, baba, hizi si ndugu, usizichanganye."

Si ndugu! Mtoto hajaanza hata shule. Baba mtu akacheka, akachoka, akasema huyu tumpeleke kwa walimu kabla hajanifilisi. Basi akasoma. Akasoma mpaka akawa yeye ndiye wa kufundisha. Alifundisha miamba na udongo, na mwanamke katika idara ile alikuwa peke yake. Wenzake wa kiume walimpa jina la Mama Mawe kwa dhihaka. Yeye akalichukua, akalivaa, na mwisho hata barua za chuo nusura ziandikwe hivyo.

Mwanafunzi wake mmoja, mhandisi wa barabara, alinisimulia siku yake ya kwanza darasani. "Mama aliingia, akatoa jiwe kwenye mkoba, akalilamba mbele yetu. Tukashika mbavu kwa kicheko. Akatungoja tumalize. Akasema, udongo wa mfinyanzi unanata ulimini, mchanga haunati. Haya, kila mmoja jiwe lake. Tukalamba, ndugu mtangazaji, na suti zetu za siku ya kwanza. Mpaka leo nikifika mahali pa kujenga barabara, kwanza naangalia kama kuna mtu ananiona." Wasikilizaji, mimi simwagizi mtu akalambe mawe. Msije mkanipigia simu kesho mnalalamika matumbo.

Alipostaafu, wenzake wakamchagua kwenye bodi, kisha wakampa uenyekiti. Na hapo ndipo nataka mtege sikio.

Mezani pale walikuwa wanne. Mama Mawe mwenyewe. Kushoto kwake Sista, muuguzi mstaafu wa zahanati ya chuo, mwanamke wa sauti ya chini na macho makali. Kulia kwake Fundi Bomba, aliyeshughulikia mabomba ya chuo kizima, mtu wa utani usioisha. Na mbele yake, na katiba ya bodi mkononi kila wakati, mwalimu wa sheria. Huyu walimwita Profesa Ibara. Ukisema tunywe chai, anakuuliza kwa ibara ipi. Alikuwa mgumu. Mwenyewe anakubali.

Mama Mawe aliongoza vizuri. Zahanati ilipoanza kuwarudisha wastaafu mlangoni, alikwenda ofisi ya utawala, akaketi, akasema haondoki mpaka asikilizwe. Wakamletea maji. Akanywa. Wakamletea visingizio. Hivyo hakuvinywa. Zahanati ikafunguliwa kwa wastaafu, na iko wazi mpaka leo.

Kisha akili ikaanza kuchoka. Kwanza vitu vidogo. Anafungua ajenda, wanaijadili, wanaimaliza, anaifungua tena. Halafu siku moja akamwita Sista "binti," akamuuliza yuko mwaka wa ngapi. Wakacheka wote, naye Sista akacheka, lakini Sista ni muuguzi. Aliniambia kuwa alikwenda kulia msalani.

Na siku nyingine Mama Mawe aliingia ukumbi wa mihadhara, akaweka mkoba mezani, akafundisha. Akaeleza mlima unavyozaliwa. Alifundisha vizuri mno, vijana wakaandika mpaka mwisho. Kasoro ilikuwa moja tu. Lile lilikuwa darasa la sheria.

Habari ikafika kwa utawala. Utawala ukasema utamtuma afisa kwenye kikao kijacho, kwa sababu bodi, na haya ni maneno yao, "iongozwe na mtu mwenye akili timamu." Jamani! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini neno lilishatoka, na likamfikia.

Kifungua mimba wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza, aliniambia kuhusu asubuhi ya kikao hicho. "Nilimkuta kitandani amekaa, amevaa nguo zake za kazi, mkoba mapajani. Nikamwambia, mama, usiende leo, watakuvunjia heshima. Akanishika mkono. Siku hiyo kichwa kilikuwa kimetulia, akaongea kama mama yangu wa zamani. Akaniambia, mwanangu, hapa nyumbani mimi ni mgonjwa. Usikasirike, unanipenda, lakini kwako mimi ni mgonjwa. Kule kwenye kile chumba bado ni mtu. Wakinitoa kule, nitakuwa nimebaki na ugonjwa peke yake."

Narudia, wasikilizaji, kwa sababu hili ndilo lililokuwa mezani siku ile. Kiti tu? Hapana. Mama yule alikuwa anakwenda kuambiwa kama bado ni mtu.

Kikao kikaanza. Afisa wa utawala akaeleza alichotumwa. Kwa adabu, nimsifu, hakupandisha sauti. Mama Mawe alikuwa pale pale, anasikia. Sista alikuwa ameinama. Fundi Bomba, mtu wa utani, hakuwa na utani. Na Profesa Ibara akafungua katiba.

Fundi aliniambia, "Moyo ulinipasuka. Nikasema basi, kwisha habari yake. Huyu mzee atamnyonga kwa karatasi."

Profesa Ibara akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: mwenyekiti ataondolewa endapo atashindwa kuongoza kikao. Akafunga katiba. Akauliza, "Kuongoza kikao ni kufanya nini?" Akajijibu mwenyewe, maana hiyo ndiyo raha yake. "Ni kujua nani yupo, na kumpa kila mmoja nafasi ya kusema. Kumpa mtu nafasi, mwenyekiti wetu hajawahi kushindwa. Kujua nani yupo, hilo tunaweza kumsaidia. Napendekeza, na naomba iingie kwenye kumbukumbu, kwamba kuanzia leo kila kikao kianze kwa kila mjumbe kusema ni nani, alifanya kazi gani chuoni, na alitoka wapi katika maisha."

Afisa akashangaa. "Lakini Profesa, ninyi mnajuana miaka nenda miaka rudi."

"Wewe tunakujua?" Profesa akamuuliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi anza wewe."

Fundi Bomba akaruka. "Naunga mkono! Naunga mkono kwa mikono yote miwili, na kama miguu inahesabiwa, nayo imo!"

Hivyo ndivyo pendekezo lilivyopita. Afisa akajitambulisha, maskini, jasho linamtoka. Mama Mawe akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole kwa safari, akamkaribisha chai. Kikao kikaendelea. Yule afisa alirudi kwa wakubwa wake akawaambia kuwa bodi inaongozwa vizuri. Mungu ambariki popote alipo.

Nilimuuliza Profesa Ibara kwa nini. Alifuta miwani kwa muda mrefu. Akasema, "Sheria niliifundisha maisha yangu yote. Watu wanadhani ni ya kuwatoa watu nje. Mimi nilitaka, kabla sijafa, niitumie kumbakiza mtu ndani." Kisha akaniomba hilo nisilitangaze. Profesa, samahani. Nimelitangaza.

Tangu siku hiyo, kila kikao, wazee wanaojuana tangu nywele nyeusi wakawa wanajitambulisha. Mwanzoni kwa kifupi. Mimi ni Sista, nilikuwa zahanati. Mimi ni fundi, nilikuwa mabomba. Lakini mtu ukiambiwa ujieleze kila mara, maneno ya juu juu yanaisha. Siku moja Sista akasema kwamba uuguzi hakuupenda. Alitaka kuimba. Aliingia uuguzi ili asomeshe wadogo zake, na alipompokea mtoto wa kwanza kwa mikono yake, huyo mtoto analia, ndipo akasema haya, huu nao ni wimbo. Wenzake hawakuwahi kulijua hilo.

Fundi Bomba alisema yeye anawajua maprofesa wote kwa vitu walivyozibia sinki, na akaanza kutaja. Ikabidi Profesa Ibara atafute ibara ya kumzuia. Halafu Profesa mwenyewe, siku moja, kwa sauti ambayo hawakuizoea, akasema baba yake alikuwa mpishi wa gereza. Chakula chake cha utotoni kilipikwa sufuria moja na cha wafungwa. Alilificha jambo hilo tangu siku aliyoingia chuo. Mama Mawe, ambaye dakika chache nyuma hakumtambua Profesa, akamwambia, "Baba yako alilisha watu. Kaa kwa raha, mwanangu." Yule mzee akakaa kwa raha.

Na Mama Mawe naye alijitambulisha. Kila kikao. Mimi ni binti wa mponda kokoto. Nilifundisha miamba. Mengine yote yalipotea, hayo yakabaki. Mwanawe aliniambia, "Siku ya kikao alikuwa anarudi nyumbani anatembea wima. Hajui ametoka wapi, lakini anatembea wima."

Sasa nifike kikao cha mwisho, na hapa nivumilieni sauti.

Walijitambulisha kama kawaida. Sista akasema. Fundi akasema, akachekesha. Profesa akasema, na mpishi wake wa gereza humo humo. Zamu ikafika kwa mwenyekiti. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akawaangalia, mmoja mmoja, kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba nzuri asiyoijua.

Sista akapiga moyo konde. Akasema, "Kwenye kiti hicho anakaa binti wa mponda kokoto." Fundi akaendelea, "Aliingia idara akiwa mwanamke peke yake, wakamcheka, akawapita." Profesa akasema, "Amefundisha watu waliojenga barabara za nchi hii. Wastaafu wa chuo hiki wanatibiwa kwa sababu yeye aliketi mahali akakataa kuondoka." Wakapokezana hivyo, wanasimulia, mpaka maisha yote yakawa mezani.

Mama Mawe alisikiliza kwa makini. Walipomaliza, akasema, "Huyo mama amefanya kazi."

"Sana," Sista akasema.

"Mmewahi kumwambia asante?"

Wakatazamana. Miaka yote hiyo. Walimchagua, walimheshimu, walimlinda, waligombana naye. Hilo neno hakuna aliyekumbuka kulisema. Profesa Ibara, mwenye magoti mabovu, akashika meza akasimama. Wenzake wakasimama. Akasema, "Asante sana, mwenyekiti. Asante sana, dada yetu."

Mama Mawe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema, "Haya. Nikimwona nitamfikishia."

Wasikilizaji wapendwa, kwa kifungua mimba wake na nyumba nzima, kwa mdogo wake, kwa wajumbe watatu waliobaki kwenye meza ile, poleni. Poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia nanyi, na sioni haya kusema nimelia. Aliyempa akili ile amempokea nayo yote, hiyo ndiyo imani yangu.

Nanyi mnaonisikiliza, sina mahubiri leo. Ila kuna mtu aliyekufundisha kusoma. Kuna aliyekupokea ulipozaliwa. Kuna aliyekuombea nafasi ukapata, nawe ukaendelea na safari zako. Wengine wamestaafu, wako nyumbani, hawana makuu. Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, leo, umwambie asante angali anajua kuwa ni yeye unayemwambia.