Karatasi Ndani ya Boksi la Chaki: Tunamuaga Mwalimu Sabaha Yasini

Tarehe 30 Juni 2009 Mwalimu Sabaha Yasini Mchopa atakabidhi funguo za Chumba Namba Saba cha Chuo cha Ualimu Nangolowe. Atakuwa amemaliza miaka thelathini na saba ya utumishi, kumi na minane kati ya hiyo akiwa nasi hapa, nje kidogo ya mji wa Nachingwea kwenye barabara iendayo Ruangwa. Ametimiza miaka sitini. Mwenyewe anadai ni hamsini na tisa na miezi, ila jalada lake linamkatalia.

Nianze kwa kukiri kwamba wasifu huu umeandikwa mara mbili. Ule wa kwanza ulikataliwa, na sababu yake nitaieleza mwishoni, maana bila kuijua safari yenyewe, haitaeleweka.

Mwalimu Sabaha alizaliwa Ruponda mwaka 1949, mtoto wa nne wa wakulima wa korosho na ufuta. Alianza kazi Mandawa mwaka 1972, akapewa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya themanini, wengi wao wakija shuleni na Kimwera peke yake. Watoto hao leo wana wajukuu, na bado wakimwona sokoni wanaficha sigara nyuma ya mgongo. Mwaka 1991, baada ya kusoma stashahada, aliletwa hapa na barua ndefu iliyomtaja kuwa msimamizi wa kitengo cha kuwaendeleza wakufunzi. Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, makabati mawili, mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, na ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa upande wote wa magharibi.

Kazi yake ilikuwa kutusaidia sisi tunaofundisha walimu tufundishe vizuri zaidi. Ni kazi ya kuombewa. Hakuna kiumbe asiyependa kufundishwa kama mtu anayelipwa kufundisha wengine kufundisha.

Yeye alipata njia kupitia chaki. Miaka ile chaki ilikuwa adimu, ikawekwa kabatini kwake, na kila mkufunzi alikuwa na boksi lake lenye jina, analichukua asubuhi na kulirudisha mchana. Mwalimu Sabaha alikuwa anaingia darasani kwako, anakaa dawati la mwisho, anaangalia kipindi kizima bila kukunja uso wala kutabasamu, kisha anaondoka. Kesho yake, chini ya vipande vya chaki, unakuta ukanda mwembamba wa karatasi wenye sentensi moja. Hakuandika jambo la pili kamwe. Hakutia sahihi, hakukuuliza umeisoma au la, na hakuwahi kupeleka nakala kwa Mkuu wa Chuo. Ndiyo maana tukamwita Mama Jambo Moja, jina ambalo alijifanya halijui.

Mwalimu Kipriani wa Historia, mkubwa wetu wote kwa umri na sauti, aliwahi kukuta imeandikwa: "Umeuliza maswali kumi na manne, kumi na matatu umejibu mwenyewe." Kijana wetu Saadi, aliyetujia kutoka Dar es Salaam na digrii, simu ya mkononi na maneno mengi, alipata hii: "Wameshaelewa, sasa nyamaza." Saadi alizunguka na karatasi hiyo ofisi nzima akilalamika kwamba anaonewa, na kila aliyemsikiliza alimwambia asubiri, atazoea.

Mimi nilifika mwaka 1992 kufundisha Hisabati, nikijiona nimeiva. Nilikuwa na mwendo wangu ubaoni: mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unafuata na kifutio. Ya kwanza kwangu ilisema: "Unafuta ubao kabla hawajaandika." Nilinuna wiki mbili. Wiki ya tatu niligeuka kuwatazama wanachuo, nikaona nusu yao wameweka kalamu chini na wananitazama tu kama watu wanaotazama mpira. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto unakaa mfukoni.

Hakuishia darasani. Mvua kubwa za mwaka 1998 zilipokata barabara, wanachuo wetu walikuwa wametawanyika Ruangwa kwa mazoezi ya kufundisha, na wakufunzi wengi tulipata sababu nzuri ya kubaki nyumbani. Yeye alipanda trekta mpaka lilipokwama, akavua viatu, akatembea mpaka Mandawa na chati zake zimefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Na kwenye semina ya walimu kule Namungo, alipogundua kwamba siku ile kuna mechi na walimu wote wana roho mbili, alihamishia somo la wastani na asilimia pembeni mwa uwanja. Walihesabu pasi, walihesabu mashuti, walikokotoa. Timu ya nyumbani ilifungwa, lakini asilimia walizielewa.

Kilichomtesa ni kompyuta. Kila mwaka tangu 1996 aliandika barua ya kuomba walau moja kwa ajili ya wakufunzi, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Februari 2005 zilifika kumi kwa mpigo, nyuma ya lori. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hajawahi kugusa hata moja. Alienda Mtwara wiki mbili kujifunza, akarudi na daftari alilochora kila kitufe kwa penseli.

Wazee wa chuo hawakuwa tayari kuonekana wanashindwa mbele ya vijana. Akawapangia darasa lao peke yao, pazia limefungwa, na somo la kwanza likawa ule mchezo wa karata uliomo ndani ya kompyuta. Mwalimu Kipriani, aliyekuwa ameapa kustaafu bila kushika kipanya, baada ya mwezi ilibidi tumwombe apishe wengine. Siku moja saa nne asubuhi Mkuu wa Chuo aliingia na kuwakuta wakufunzi sita waandamizi wanacheza karata saa za kazi. Alitoka, akadai maelezo kwa maandishi. Mwalimu Sabaha alimwandikia kwamba wiki hii wanajifunza kushika kipanya na wiki ijayo wataandaa masomo. Wiki iliyofuata Mkuu wa Chuo naye alikuja, akakaa kiti cha mwisho.

Sasa nifike kwenye salfa. Wenyeji hawahitaji maelezo, lakini wageni wetu wa siku ya sherehe wajue kwamba ni unga wa manjano tunaopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kwamba hapa chuoni karibu kila mtu, tangu mpishi mpaka mkufunzi, ana mikorosho yake mahali. Juni 2007, tukiwa tunafunga chuo kwa likizo, mifuko kumi na mmoja ya salfa ya wafanyakazi ilifika pamoja. Ghala lilikuwa na mahindi ya wanachuo, na salfa haikai na chakula. Chumba kingine chenye nondo na kufuli kilikuwa kimoja tu, cha kompyuta.

Abdalah, mtunza ghala wetu, ndiye aliyetumwa kuomba. "Mwalimu, zikae siku mbili tatu tu, wenyewe watakuja kubeba," alimwambia. Mwalimu Sabaha alikubali. Siku mbili tatu zikawa likizo nzima. Mifuko ilikuwa michakavu, na mitatu kati yake, niseme wazi, ilikuwa yangu.

Tuliporudi tulikuta kila kitu ni cha manjano. Tukafanya kosa la pili: tulifuta kwa vitambaa, tukawasha. Kompyuta ina feni ndani, inavuta hewa, na pamoja na hewa ikavuta ule unga. Katika wiki tatu, kompyuta sita zilikufa. Mwalimu Tabitha wa Kemia alifungua mojawapo na kukuta shaba yake yote imekuwa nyeusi, akatueleza kile ambacho kila mmoja wetu alifundishwa shuleni kuhusu salfa na shaba na akakisahau.

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Mwezi Septemba timu ya ukaguzi ingepita vyuoni kuangalia kama wakufunzi wanazitumia kompyuta katika kufundisha. Pale ambapo hazitumiki, au zimeharibiwa kwa uzembe, zitahamishiwa kwingine. Miaka tisa ya barua za Mwalimu Sabaha ilikuwa inaning'inia hapo, na kila aliyemwona akipita veranda siku zile alijua. Alipungua mwili.

Tukakaa kikao bila yeye, kwa nia njema. Mimi nilipewa kalamu. Niliandika taarifa fasaha ya kurasa mbili iliyoeleza kwamba kompyuta sita ziliungua kwa hitilafu ya jenereta ya chuo. Nani Nachingwea asingeamini habari ya jenereta? Wenzangu walinisifu, nikaenda nyumbani nimeridhika, nikiwa nimeiacha taarifa mezani kwake aione kabla haijapigwa mhuri. Sikufikiria kwamba jenereta ina mtu. Swalehe, aliyekuwa anaiendesha, alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na taarifa yangu ingetosha mkataba huo usihuishwe.

Asubuhi nilifungua boksi langu la chaki. "Jenereta haipulizii mikorosho."

Niliona aibu, na aibu hiyo ninaikumbuka mpaka leo. Yeye alikuwa ameshaandika taarifa yake, nusu ukurasa, inayosema kwamba salfa iliwekwa chumbani kwa ruhusa yake, akijua ni chumba cha kompyuta, na kwamba hakuna mwingine wa kuulizwa. Hakutaja mwenye mifuko. Alipewa barua ya onyo, akaisaini, akarudi Chumba Namba Saba kuendelea na kazi.

Zilibaki wiki tano, kompyuta nne na wakufunzi ishirini na wawili. Alipanga zamu za nusu saa, wawiliwawili, mzee na kijana, na sheria ikawa kwamba kijana haruhusiwi kugusa kipanya, aelekeze kwa mdomo tu. Saadi alijifunza subira kwa njia hiyo. Jioni yeye na Tabitha walikaa sakafuni na raba za penseli, wanasugua vile vipande vya shaba kimoja baada ya kingine, kama wanafunzi waliopewa adhabu. Kwa kusugua huko mbili zilifufuka, na Mwalimu Sabaha alicheka mpaka akatoa machozi.

Timu ilikuja siku ya Alhamisi. Mwalimu Kipriani, akiwa na miaka hamsini na minane, alifundisha kipindi kizima kwa majedwali aliyoyatengeneza mwenyewe, na aliuliza maswali manne, yote akasubiri yajibiwe na wanachuo. Kiongozi wa timu aliuliza zile nne zilizofunikwa zina nini. Chumba kizima kilitazama chini. Mwalimu Sabaha alifunua moja, akaifungua, akamwonesha ule weusi, akamweleza habari ya salfa tangu mwanzo, na kabla hajamaliza Abdalah akasimama kusema ni yeye aliyeomba, nami nikasimama kusema mifuko mitatu ni yangu, na Kipriani akasema mmoja ni wake. Tukawa tumesimama karibu wote. Mgeni alituangalia, akaandika kitu, akaomba kurudishwa kwenye kipindi.

Kompyuta hazikuhamishwa. Taarifa yao, iliyofika Desemba, ilisema wakufunzi wa Nangolowe wanazitumia kuliko walivyotarajia, na ikaagiza kwamba vyuo vyote vya kwenye korosho vionywe kuhusu salfa. Swalehe alihuishiwa mkataba, na mwaka jana aliajiriwa rasmi. Barua ya onyo Mwalimu Sabaha aliibandika ukutani kwake, juu ya ile ramani ya Afrika, na kila mkufunzi mpya akifika anaanza kwa kuisoma.

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu. Nilipoombwa kuandika wasifu huu, nilifikiri namna ya kumheshimu. Niliandika miaka yote, semina zote, trekta na karata, na habari ya salfa niliiacha nje. Siku ya kuagwa kwa mtu, nilijiambia, onyo la nini? Nikampelekea aone kama tarehe ziko sawa. Aliupokea, akashukuru, akasema atausoma.

Jumatatu iliyopita nilichukua boksi langu la chaki. Siku hizi chaki si adimu na hakuna anayelazimika kupita Chumba Namba Saba, lakini sote bado tunapita. Chini kabisa kulikuwa na ukanda wa karatasi, mwandiko uleule wa mwaka 1992, na sentensi ileile, ila kwa neno moja zaidi: "Fortunatus, unafuta ubao kabla hawajaandika."

Neno hilo la ziada ni jina langu. Katika miaka kumi na saba hakuwahi kuliandika.

Basi nimeacha ubao kama ulivyo, Mwalimu, wasome wote. Asante kwa dawati la mwisho, kwa raba za penseli, na kwa kutuona tulivyo na kurudi tena kesho yake. Mwalimu Tabitha anapokea funguo, na ameahidi jambo moja kwa siku, si zaidi. Nenda Ruponda ukapumzike, mikorosho yako izae, na afya ikukae mwilini miaka mingi. Ukipita barabara ya Ruangwa, ingia. Boksi lenye jina lako tumeliacha kabatini, na ndani yake utakuta karatasi ishirini na mbili, moja kutoka kwa kila mmoja wetu, kila moja ikiwa na sentensi moja tu.

Fortunatus Ngonyani
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Chuo cha Ualimu Nangolowe